Besi, Siyo Beseni

Mama mdogo alinipigia simu kutoka Narung'ombe na, kama kawaida yake, hakuanza na salamu. Alisema binti yake anaolewa, kwamba redio yao ya nyumbani inaimba vizuri lakini haina kifua, na kwamba nikipita Nachingwea mjini nimnunulie sabufa, ya bei ya chini tu, tuje tuiunganishe kwenye hiyo redio kabla ya siku yenyewe. "Ila iwe na besi," akasema. Kisha nikamsikia anajizuia kucheka. "Sikia vizuri. Nimesema besi. Usije ukaniletea beseni."

Nilicheka peke yangu njia nzima. Hata dukani nilikuwa bado natabasamu, na kijana muuzaji akadhani namtabasamia yeye. Alikuwa na maneno ya mjini, ya kwenye simu. Akaniwashia sabufa moja nyeusi ya bei ya chini, akaniambia, "Sista, hii mziki wake mnene, majirani watahama wenyewe." Badala ya kusogeza sikio, nikaweka kiganja juu ya boksi. Kijana akaniangalia kama mtu anayepima homa ya spika. Sikuwa na nafasi ya kumweleza kwa nini kwetu besi husikilizwa kwa mkono, lakini wewe una nafasi, na mimi nina hamu ya kusimulia, kwa hiyo vuta kiti.

Nilikulia Lionja, nyumbani kwa Bibi, mama yake mama. Ukiniuliza Lionja ya utoto wangu ilikuwaje, pua ndiyo inayojibu kwanza. Msimu wa korosho uwanja mzima ulinuka mabibo yaliyoanza kuchacha juani, harufu tamu inayokaba koo, na nzi wakiwa wengi kuliko sisi. Tulirudi kutoka shamba na vidole vimebabuka kwa utomvu wa maganda, tukala ugali wa muhogo na kisamvu, na mtu akichimbua ming'oko, vile vizizi vya porini, tulikaa kuitafuna mpaka taya zichoke. Bibi alikuwa mfinyanzi. Nyuma ya jiko kulikuwa na vyungu na mitungi yake imepangwa kwenye kivuli, mingine ya kuuza, mingine ya kwetu, na ole wako upite hapo unakimbia.

Babu sikumkuta. Nilimkuta kwenye kanda. Alikuwa mpiga ngoma, na wenyewe wanasema shughuli ya upande wetu haikuitwa shughuli mpaka yeye aje na ile ngoma yake kubwa. Alikuwa na mtindo wake wa kuanza ambao hata mtoto aliutambua: alipiga mara mbili, mapigo mazito ya kufanya vumbi linyanyuke, kisha akanyamaza. Watu wote walikaa wanangoja. Na Bibi aliingia uwanjani hapo hapo kwenye kile kimya, mguu wa kulia mbele, na ndipo Babu alipomfuata kwa ngoma. Hivyo ndivyo walivyowatoa binti zao siku za harusi, mmoja baada ya mwingine. Binti alisimama mlangoni amefunikwa, baba akapiga, mama akacheza, halafu ndiyo binti akaondoka na watu wa mumewe. Siku ya harusi ya mama yangu mgeni mmoja alikuja na redio ya kurekodia, akanasa ngoma ile yote. Babu alipofariki, ile kanda ikawa inakaa kwenye kopo la maziwa, imeviringishwa kitambaa cha kanga, na haikuchezwa ovyo.

Tulikuwa na redio, tena nzuri. Mama aliinunua baada ya msimu mmoja uliokubali, redio ya kaseti yenye spika zake mbili za pembeni, inayotumia betri ya gari. Kasoro yake ilikuwa moja. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Ukiweka ile kanda ulisikia vigelegele, ulisikia wanawake wakiimba, ulisikia ngoma ndogo zikichekacheka, lakini ngoma kubwa ya Babu ilitoka kama mtu anayegonga kisoda mezani. Wakubwa waliisikiliza kwa heshima hivyo hivyo, kwa sababu wao walikuwa wanaongezea wenyewe kichwani.

Bibi hakuweza kuongezea chochote. Masikio yake yalikuwa yameziba taratibu, mwaka huu kidogo, mwaka ule kidogo, mpaka tukawa tunamsemesha kwa mikono. Sauti nyembamba zote zilimtoka: ya kuku, ya adhana ya mbali, ya sisi wajukuu tukimwita. Lakini usidhani alikuwa mtu wa kudanganywa. Mtu akitwanga uwanjani, Bibi akiwa amekaa chini na miguu ameinyoosha, alijua ni nani aliyeshika mchi, na alijua pia kama anatwanga kwa uvivu. Ardhi ilikuwa inamchongea.

Mwaka huo Mama mdogo akapata mchumba, kijana mtulivu wa Narung'ombe, kule Ruangwa. Yeye ndiye aliyekuwa kitinda mimba. Posa ikapokelewa, mahari ikamalizwa, siku ikapangwa iwe korosho zikishauzwa. Kila mtu alifurahi isipokuwa bibi harusi mwenyewe, kwa sababu Bibi alikuwa ametamka kwamba safari hii hachezi. Tulimwambia kanda ipo. Tulimwambia tutampigia makofi mbele yake aone mapigo kwa macho. Akatikisa kichwa. "Ninyi mnacheza na redio," alisema. "Mimi nilikuwa nacheza na mtu. Nisipomsikia nitakosea mguu, na yeye hakuzoea nikosee."

Mama mdogo hakuwa mtu wa kulia mbele za watu, lakini siku hiyo alikwenda kukaa nyuma ya jiko na mitungi. Dada zake wote walitolewa mlangoni. Yeye angetoka kama mtu aliyeondoka kwenda sokoni. Nilimfuata nikakaa naye, na tukiwa pale mama akaanza kutwanga uwanjani, na Bibi, kwa mbali, bila kugeuka, akamwambia mwanawe aache kutwanga kwa uvivu. Mama mdogo akanyanyua kichwa. Kama Bibi anasikia mchi, akaniambia, atashindwaje kuisikia ngoma? Ila ngoma yenyewe iwe na uzito. Redio hii haina besi, na besi ndiyo tutakayoiongeza.

Tatizo la Lionja wakati huo ni kwamba simu zilikuwepo ila mtandao ulikuwa unapatikana juu ya kichuguu kimoja tu, njia ya kwenda visimani, na tena usimame upande wa kushoto. Mama mdogo akapanda. Akampigia kaka yake, mjomba wetu aliyekuwa akifanya kazi gereji Nachingwea mjini, mtu wa moyo mkubwa na masharubu ya kujivunia. Sisi chini tulisikia upande mmoja wa mazungumzo: "Betri, kaka, iliyojaa! Na besi! Besi! Eeh, ya harusi! Kubwa!" Akashuka jasho linamtoka, amefurahi. Mjomba amesema ameelewa kila kitu.

Mjomba alifika siku moja kabla ya harusi, asubuhi, juu ya gari lililokuwa linafuata magunia. Alishusha betri, imejaa kama alivyoagizwa. Kisha akashusha, kwa mikono miwili, kwa uangalifu wa mtu aliyebeba mtoto mchanga, beseni kubwa jeupe la bati lenye maua mekundu ubavuni.

Mjomba aliligeuza juani tuone maua. Alieleza alivyozunguka maduka yote mpaka akapata lenye ukubwa wa kutosha, maana bibi harusi alitilia mkazo liwe kubwa. Mama mdogo akamuuliza besi iko wapi. Mjomba akamwonyesha beseni. Akamuuliza tena, polepole. Mjomba akarudia, naye polepole, akitaja silabi moja moja, na hapo ndipo wote wawili wakaelewa, na mjomba akaketi juu ya betri yake. Gari lilikuwa limeshaondoka. Mjini hakurudiki na kurejea kabla ya kesho. Alijitetea kwamba upepo wa kichuguu ulimkatia maneno, na kwamba hata hivyo ni harusi gani isiyohitaji beseni.

Bibi alitaka kujua kwa nini watu wamenuna mbele ya kitu kizuri hivyo. Mama akamwelekeza kwa mikono na kwa kumpigia kelele sikioni: walitaka besi, kaja na beseni. Bibi akacheka. Hatukuwa tumemwona akicheka vile tangu tarehe ya harusi ipangwe. Alicheka mpaka akashika nguzo ya baraza. Kisha akalikagua beseni, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akashika ubavu wake, na uso ukabadilika ukawa wa kazi. "Bati hupiga kelele tu," akasema. "Mnataka kitu cha kuitika? Njooni."

Akatupeleka nyuma ya jiko. Kumbe hivi ndivyo alivyokuwa akipima mitungi yake miaka yote baada ya masikio kuziba, na sisi tuliokuwa naye kila siku hatukuwahi kutazama. Aliinamia mdomo wa mtungi, akaguna ndani yake, mmm, huku kiganja kiko tumboni mwa mtungi. Wenye ufa ambao jicho halioni ulinyamaza. Mzima uliitika. Alipita mmoja, wa pili, akafika kwenye ule mkubwa uliokuwa wake mwenyewe, wa maji ya kunywa, akaguna, akashika mkono wangu akauweka pale pale. Mtungi ulinguruma chini ya vidole vyangu. Akamwaga maji yote chini bila kumwomba mtu ruhusa.

Sasa ikabaki spika, maana zile mbili za redio zilikuwa ndogo, zingetumbukia humo ndani zikapotea. Jirani yetu, mwanamke wa Kimakonde ambaye wazazi wake walihamia kutoka upande wa Msumbiji, alikuwa na redio ya zamani ya mbao iliyokufa kabla mimi sijazaliwa. Spika yake, pana kama sahani ya pilau, bado ilikuwa imefungwa mbele. Tulimkimbilia. Akasema spika tuichukue hata sasa hivi, yeye hana kazi nayo, ila ina mwenyewe. Akafunua pazia la nyuma ya lile boksi. Ndani kuku alikuwa ameatamia mayai, ametukazia jicho moja.

"Spika chukueni," jirani alisema. "Kuku simfukuzi. Huyo amebakiza siku chache."

Hapo Mama mdogo akageuka, akamtazama mjomba, na mjomba, kabla hajaambiwa, akaenda kulileta beseni. Tukaweka nyasi kavu, tukahamisha mayai moja moja yakiwa na joto lake, na kuku tukamfunika kanga ili asione aibu ya kuhamishwa. Alizunguka, akalalamika, akakanyaga huku na huku, akachungulia yale maua mekundu. Wote tulisimama kimya kama tuko kwenye mirathi. Kisha akajitandaza juu ya mayai yake na kufumba macho. Jirani akasema kumbe hata kuku anapenda vya mjini, na mjomba akapata nguvu ya kutembea kifua mbele tena.

Spika ilikuwa imetafunwa na panya upande mmoja. Mama akaiziba kwa kipande cha gazeti na uji mzito wa muhogo, ikaanikwa juani. Mjomba, ambaye nyaya za magari alizijua, akavuta waya kutoka nyuma ya redio, akaiongeza ile spika ya tatu, tukailaza mdomoni mwa mtungi. Tukaweka kanda nyingine ya kujaribia. Ilikwaruza na kupwaya, hewa ikivuja pembeni, mpaka Bibi akaja na udongo wake mbichi akaziba ukingo wote kwa dole gumba, kama anavyomalizia chungu. Tukajaribu tena. Ee bwana. Mbuzi wa jirani walisimama. Mjomba akapiga kelele kwamba kuna sabufa Lionja, waje waone, na watoto wakaja kweli.

Bibi peke yake hakutaka kuugusa mtungi. Aliosha mikono akarudi kupembua mchele. Alisema hataki kumsikia mwingine, atamsikiliza yeye tu, na kesho. Na ile kanda ya Babu ilikuwa kuukuu, hatukuthubutu kuichezesha mara mbili. Kwa hiyo tulilala bila kujua.

Siku ya siku watu wa Narung'ombe walifika, ndoa ikafungwa, pilau ikaliwa mpaka ukoko. Jua lilipoanza kulegea Mama mdogo akasimamishwa mlangoni, amefunikwa, na chini ya kanga niliona vidole vya miguu yake vimejikunja. Bibi alikaa kwenye mkeka kando ya mtungi. Mama akatoa kanda kwenye kopo la maziwa, akaikaza kwa kalamu, akaipachika redioni, akabonyeza.

Kwanza ukaja mchakacho. Kisha sauti za wanawake, wengine wao wakiwa wamekaa pale pale uwanjani, wazee zaidi, wakijisikia walivyokuwa. Kisha ngoma ndogo. Mama akauchukua mkono wa Bibi akauweka kwenye tumbo la mtungi. Uso wa Bibi haukuonyesha kitu. Nilimwona mjomba akiangalia chini, kwenye viatu.

Halafu Babu akapiga. Mara mbili. Mtungi ukatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwenye kanda ile, sauti ya chini, nene, iliyopita kwenye mkeka ikapanda miguuni kwangu. Bibi aliondoa mkono haraka, kama aliyegusa chungu cha moto. Akaurudisha.

"Ndiye," akasema.

Lakini kile kimya kilikuwa kimeshapita, na ngoma ilikuwa imeanza bila yeye. Bibi alikaa vile vile, mkono kwenye mtungi, anatikisa kichwa kidogo kama mtu anayeambiwa habari ndefu. Alikuwa anajua kitu tulichokisahau sisi: kwamba Babu huwa anarudia. Mapigo yakaisha. Mapigo mawili mazito yakaja tena, kikaja kimya, na Bibi akawa ameshasimama, mguu wa kulia mbele, ndani ya kimya chenyewe, na ngoma ikamfuata.

Sitaki kukudanganya kwamba nakumbuka kila hatua. Nakumbuka alivua ndala ili ardhi imwambie vizuri. Nakumbuka hakukosea. Vigelegele vya kwenye kanda na vya uwanjani vilichanganyika hata usijue vipi ni vya zamani. Watu wa Narung'ombe, waliokuja na majivuno yao kidogo, walisimama wote. Mjomba alilia hadharani, masharubu yakalowa, na mpaka leo anasema lilikuwa vumbi. Kanda ilipofika mwisho, Bibi alikwenda mlangoni akihema, akashika kichwa cha mwanawe juu ya kanga. "Nenda sasa," akamwambia. "Baba yako amekutoa."

Tulishinda, rafiki yangu. Sijui neno lingine. Kijiji kizima kilijua kwamba tumeshinda, ingawa hakukuwa na mtu tuliyekuwa tukishindana naye.

Vingi vya siku ile havipo. Bibi alitangulia miaka mingi iliyopita. Kichuguu kilisawazishwa, siku hizi simu inashika hata ukiwa umelala. Mabibo bado yananuka vile vile, lakini nyuma ya jiko hakuna mitungi, watu wananunua ndoo. Ule mkubwa ulipasuka siku ya kuhamisha vyombo, tena mikononi mwa mjomba. Kanda nayo iliisha nguvu, ila kabla haijaisha yeye huyo huyo aliipeleka mjini ikahamishiwa kwenye flashi. Ninaikumbuka nyumba ile nikajihurumia, halafu nikakumbuka kuku kwenye beseni, nikashindwa kujihurumia vizuri.

Juzi nilifika Narung'ombe na sabufa yangu kwenye boksi lake. Uwanjani wanawake walikuwa wanaosha mchele wa harusi, na nilipochungulia, walikuwa wanauoshea kwenye beseni jeupe la bati, limechubuka, maua mekundu yamebaki mawili. Mama mdogo hakwenda nalo siku aliyoolewa; vifaranga walipototolewa ndipo jirani akalisuuza na kulituma limfuate. Limewaogesha watoto wake wote, huyu anayeolewa akiwemo.

Tuliunganisha sabufa kwenye redio, waya mmoja tu, kazi ndogo siku hizi. Nikachomeka flashi. Ukaja mchakacho, wakaja wanawake, zikaja ngoma ndogo. Mama mdogo akakaa chini, akaweka kiganja juu ya boksi, na Babu akapiga mara mbili. Mlango wa kabati ukatetemeka. Alisikiliza duru nzima bila kuinua uso.

"Mtungi ulikuwa na baba ndani," akasema. "Hii ina besi tu."

Nilidhani atanyanyuka aende zake jikoni. Mlangoni binti yake alikuwa amesimama na hina mikononi, hajui acheke au anyamaze. Mama mdogo akamtazama. Akavua ndala, akaziweka pembeni.

"Ongeza," akaniambia.

Nikaongeza. Mapigo mawili yakaja, kikaja kimya, naye akaingia hapo hapo, mguu wa kulia mbele.